Alama ya Mwanvua

Kompyuta ya Mwanvua ilikufa Jumanne saa nne asubuhi, katikati ya swali la kumi na tisa la Hisabati. Haikuaga. Ilitoa mlio mmoja mdogo, pu, kama mtu mzima aliyejisahau mbele ya wakwe, ikafuatisha harufu inayolingana na mlio huo, kisha kioo kikawa cheusi. Mwanvua alibonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, mara mbili, mara kumi na mbili. Akachomoa waya, akachomeka. Akasoma Bismillahi, akabonyeza tena. Mwishowe akaipiga kofi ubavuni, dawa ambayo kwa televisheni ya jirani haikuwa imewahi kushindwa, na kompyuta ikaendelea kufa bila kujali.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na mtihani wa majaribio wa darasa la saba wa shule nane za msingi, masomo yote, kazi ya wiki mbili. Nakala alikuwa nayo, asije akasingiziwa uzembe. Aliitia kwenye disketi, akaiweka mahali pa heshima, juu ya spika ya redio, na sumaku ya spika ikalamba kila kitu isibakize hata nukta. Mtihani wenyewe ulitakiwa Ijumaa saa tisa alasiri. Mwalimu Theodora, katibu wa walimu wakuu, mwanamke asiyecheka siku za kazi, alikuwa ameshasema: "Nikifika saa tisa nikakuta hadithi, nampelekea Antipasi."

Antipasi alikuwa na kompyuta mbili kule stendi na kiyoyozi kimoja kisichofanya kazi, ila alikiacha ukutani ili watu wasikie baridi kwa macho. Angefurahi mno kuifungua kazi ya Mwanvua kwenye mashine zake, kuichapa, na kubaki na walimu wote wanane hadi kiama. Huko Mwanvua hakwenda hata kwa mawazo.

Mumewe, Amri, aliinusa ile harufu kutoka barazani. Amri alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu. Aliingia, akatazama kioo cheusi, akatoa pole ya kweli kabisa, kisha akaanza kupima chumba kwa hatua.

"Magunia arobaini yataenea," alisema. "Arobaini na tano tukiyapandisha hadi dirishani."

"Baba Kauthar, haijafa. Imezimia."

"Tulikubaliana, Mama Kauthar. Mashine ikisimama, vitunguu vinaingia. Mavuno ndiyo haya, ghala limejaa, na Singida nzima inalima vitunguu. Nakupa hadi Ijumaa, hiyo kazi ya walimu iishe. Isipoisha, Jumamosi nashusha mzigo."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vitunguu vingi tu.

Kile chumba cha mbele, alimowachapia watu kazi zao, Mwanvua alikipenda kuliko dhahabu zake za harusi, na hakuona aibu kulisema hilo. Ndani ya nyumba alikuwa Mama Kauthar, mke wa Amri, shemeji wa Anuari, mkwe wa fulani. Chumbani mle watu waliingia wakamwulizia Mwanvua. Juu ya mlango palikuwa na ubao wa buluu umeandikwa MWANVUA SEKRETARIETI, herufi za urefu wa kiganja, na kila asubuhi kabla ya kufungua aliutazama kama mtu anayehakikisha bado yupo. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye baraza mjini alikuwa na duka, kila mwenye duka alikuwa na ubao, na mbao nyingi zilikuwa na majina ya wanaume. Wazo la jina lake kuning'inia juu ya magunia ya vitunguu lilimtia hasira iliyomkausha mate.

Jumatano asubuhi akamwita fundi Damiani.

Damiani alikuwa mtengeneza redio mwenye kibanda cha bati karibu na soko, miaka ishirini na mitatu pale pale. Kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kitabu kilichokosa kurasa hamsini za mwanzo, kwa hiyo alijua kuzitengeneza lakini alipata tabu kidogo kuziwasha. Ni mtu mwembamba, mwenye maneno machache, na mjini hakuna aliyemwamini. Si kwamba alikuwa amekosa. Ni fundi, basi. Kila mtu Singida alijua kwamba fundi redio akiachiwa redio yako huchomoa kilicho kizima akatia kibovu, na kile kizima kinaimba kwa mtu mwingine. Marehemu baba yake Mwanvua aliwahi kupeleka redio yake kwa fundi mmoja huko Manyoni, ikarudi ina sauti ya kike.

Damiani alifungua lile sanduku, ambalo wateja wote huliita sipiyu, akaingiza tochi, akaguna.

"Njoo uone, Mama Kauthar. Hii bodi kubwa ya kijani ndiyo mazabodi, kila kitu kinakaa juu yake. Unaviona hivi vipipa vidogo? Ni kapasita. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Hivi saba vimevimba, na hiki kimepasuka, ndicho kilichojamba."

"Fundi!"

"Samahani. Ndicho kilichotoa mlio."

"Si ubadilishe? Redio zako zina vipipa kama hivyo tele."

"Vya redio zangu ni dhaifu kwa kazi hii. Nikivitia hapa tutakuja kuzima moto." Alizima tochi. "Kilichokufa ni bodi tu. Memori nzima, hadidiski yenye mtihani wako nzima, pawa saplai, ile inayoingiza umeme, nzima. Tunavikomboa, tunatafuta bodi nyingine, tunavipachika. Na bodi ninayoijua iko moja. Iko Sepuka kwa mzee Marko, bwana shamba mstaafu. Kompyuta yake ilitoka shehena moja na hii yako. Masika yaliyopita radi ikaunguza pawa saplai yake. Nilifungua mwenyewe, bodi haikuguswa."

Akaanza kuchomoa vitu kimoja kimoja akavipanga mezani juu ya kanga, avipeleke kibandani kwake akavipime. Mwanvua akavitazama vikiwa vimelala pale uchi, vidogo, vya kuingia mfukoni. Akaikumbuka redio ya baba yake.

"Fundi, kunywa chai kwanza uani. Kuna maandazi."

Damiani alipotoka tu, Mwanvua akatoa kwenye mkoba chupa mbili za rangi ya kucha.

Hapa inabidi aeleweke. Katika mji ule hakuna harusi wala msiba unaopikwa kwa sufuria za mtu mmoja. Sufuria hukopeshwa nyumba hadi nyumba, na mwanamke asiyetia alama kwenye vyombo vyake huishia kuchemshia chai kwenye kopo. Mwanvua sufuria zake zote zilikuwa na MW kwa rangi nyekundu chini ya kitako, sinia zake, miiko yake, mpaka ubao wake wa kusukumia chapati. Shughuli zaidi ya thelathini, hajapoteza kifuniko. Basi akaandika MW kwenye hadidiski. Akaandika MW kwenye pawa saplai, na MW ndogo kwenye feni.

Ilipofika zamu ya memori, kale kabao kembamba kama rula iliyokatwa, akasita. Damiani mwenyewe alikuwa amesema kale ndiko kenye bei. Nyekundu mwizi anaiona, anaikwangua. Alama ya maana ni ile asiyoijua. Akachukua chupa ya pili, ya rangi isiyo na rangi, ile ya kung'arisha tu. Juu ya kale kabao palijaa vidude vyeusi, hapakuwa na nafasi hata ya herufi moja. Ukingoni, hata hivyo, palikuwa na safu safi ya meno ya dhahabu, laini, yamepangana vizuri. Akapitisha mswaki wa chupa hapo, mstari mmoja upande huu na mmoja upande wa pili, kwa mkono wa mtu aliyewapaka mabiharusi kumi na saba. Akapuliza. Ukikatazama wima, huoni kitu. Ukikaelekeza kwenye mwanga, kanang'aa kidogo. Alijisikia mjanja, na akajipongeza kwa sauti.

Damiani alirudi, akaziona herufi nyekundu.

"Mama Kauthar, hivi si sufuria."

"Sufuria zangu zinarudi, fundi."

Uso wa Damiani ulifungika. Alifunga vitu vyake kwenye kanga taratibu, akasema atamwona kesho kwenye lori la mnada, akaondoka bila kumalizia andazi.

Lori la mnada la Alhamisi lilibeba watu thelathini na mbuzi wasiohesabika, na Amri aliridhika mkewe asafiri humo na fundi, kwa hoja kwamba penye mbuzi wengi namna ile hakuna linaloweza kutokea. Upepo wa Agosti uliwapiga vumbi mpaka Sepuka, na njia nzima Damiani alisema maneno matatu, yote kwa mbuzi mmoja aliyekuwa anamla kola.

Mzee Marko waliyemkuta uani alikuwa amevaa koti la suti na kaptura. Mwanvua na Damiani wakamwamkia shikamoo, wakapewa viti, wakaulizwa habari za mjini, za safari, za watoto, za vitunguu, mpaka Mwanvua akaona saa yake inakimbia peke yake. Hatimaye Damiani akataja kompyuta.

"Ipo," alisema mzee. "Lakini ina mtu."

Kompyuta ilikuwa kwenye kona ya jiko, imesimama wima, ubavu mmoja wazi. Ndani yake, juu ya majani makavu, pale ambapo zamani palikaa hadidiski, alikuwa amelala kuku mwekundu, mpana, amefurika nje ya sanduku kama unga uliozidi sufuria. Bodi ya kijani ilikuwa imesimama nyuma yake ukutani mwa sanduku, nzima kabisa, na juu ya feni iliyoungua palikuwa na unyoya.

"Ana mayai kumi na moja," alisema mzee Marko. "Bado siku nane."

"Mzee wangu," alisema Mwanvua, "mimi sina siku nane. Nina hadi kesho saa tisa."

"Huyu namjua. Akiinuliwa hapo anasusa. Mwaka jana mtoto wa jirani alimgusa tu, akayaacha mayai tisa yakaoza. Bodi nitakupa, siitumii. Kompyuta hiyo mwanangu aliinunua niandike kumbukumbu za kilimo. Nimelima miaka arobaini, niandike nini, nimesahau? Lakini kuku asiinuke."

"Nitaitoa akiwa amekaa," alisema Damiani.

Bodi ile ilishikwa kwa skrubu tisa. Damiani alilala kifudifudi jikoni kwa mzee Marko, akapitisha mkono na bisibisi juu ya mgongo wa kuku, na kuku akaanza kazi. Alidona skrubu ya kwanza. Alidona kifundo cha mkono, akarudia palepale. Mzee Marko alikuwa amechuchumaa pembeni akimbembeleza kwa Kinyaturu, akimwita majina ambayo wake wa watu hawaitwi, huku Mwanvua ameshika tochi na kwa mkono mwingine ameuziba mdomo. Skrubu ya tano ilianguka katikati ya mayai. Damiani alimtazama kuku. Kuku alimtazama Damiani.

"Hiyo mwachie," alisema mzee. "Ataiatamia."

Bodi ilipotoka, mkono wa Damiani ulikuwa umechubuka kuanzia kidole hadi kiwiko, na kuku hajainua hata bawa moja. Mzee Marko hakutaka fedha. Alitaka lile sanduku la kompyuta ya Mwanvua, tupu, kwa ajili ya kuku wake wa pili aliyekuwa analala ovyo. Mwanvua akaahidi kumpelekea na lori la Jumatatu.

"Na bodi yangu itakaa wapi?" alimwuliza Damiani njiani.

"Una ubao wa chapati?"

"Ninao. Mnene."

"Utatosha. Bati litapiga shoti, mbao haina neno." Kisha, baada ya kilomita nyingi, akauangalia mkono wake na kusema, "Kuku yule ana roho ya mke wa Antipasi." Mwanvua akacheka mpaka mbuzi wakageuka. Kwa muda mfupi juu ya lori lile walikuwa karibu marafiki.

Ijumaa saa saba Mwanvua alikuwa kibandani kwa Damiani. Ubao wa chapati ulikuwa mezani, juu yake bodi ya Sepuka imesafishwa kwa spiriti, na vitu vyote vyenye herufi nyekundu vimepangwa mahali pake. Watu walikuwa wameshajaa, maana habari ya kompyuta iliyotagiwa ilikuwa imefika sokoni kabla ya lori. Kulikuwa na wateja wa redio, wapita njia, na bibi mmoja aitwaye Joyce aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akisubiri redio yake ya mbao.

Damiani akagusisha waya. Feni ikazunguka. Watu wakashangilia. Kioo cha pale kibandani kikabaki cheusi, na bodi ikaanza kulia: piii, piii, piii.

"Memori," alisema Damiani. "Haishikani."

Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Piii, piii. Akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza huku na huku. Piii. Saa saba na nusu. Akakagua bodi nzima kwa kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa. Piii, piii, piii. Saa nane kasoro dakika kumi.

"Juzi ilikuwa inashikana?" aliuliza Mwanvua.

"Juzi ilikuwa kwenye bodi iliyokufa, nitajuaje? Lakini si mbovu hii. Ni kama kuna kitu kinazuia."

"Au si yenyewe."

Damiani alinyanyua kichwa. "Umesemaje?"

Mwanvua alikuwa na saa moja na dakika kumi. Aliyaona magunia yakipanda mpaka dirishani. Ikamtoka yote, kwa sauti ambayo hata muuza samaki wa mbele aliacha kupigia watu kelele akasikiliza.

"Nimesema si yenyewe! Yangu ilikuwa nzima, umesema mwenyewe kwa mdomo wako! Siku mbili nzima ulikuwa nayo hapa! Umeibadilisha, fundi, umenitilia bovu, nzima umeificha! Mwizi! Mafundi wote wezi, na wewe ndiye mwizi mkuu!"

Watu wakasema "aaah" kwa pamoja, kwa raha ya watu waliokuwa wakilisubiri neno hilo miaka ishirini na mitatu. Damiani aliiweka memori mezani, akaisogeza mbele yake kwa kidole kimoja kilichochubuliwa na kuku.

"Angalia alama yako," alisema.

"Nitaangalia! Unadhani sikuweka? Niliweka ambayo hukuiona!"

Akaichukua, akatoka nayo mlangoni penye jua, akailaza kidogo. Meno ya dhahabu yakang'aa, mstari mmoja upande huu, mmoja upande wa pili, kazi safi ya mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa yake. Na wakati bado anatafuta namna ya kukasirikia jambo hilo, macho yake yakatua kwenye kucha zake, ambazo zilikuwa tupu kwa sababu ilikuwa Ijumaa na alikuwa ameswali. Tangu ana miaka kumi na miwili alifundishwa: kabla ya udhu toa rangi, maana rangi ya kucha huziba, maji hayafiki, na udhu haushiki. Kwa ajili hiyo alitembea siku zote na kichupa cha dawa ya kuitolea. Kama maji hayafiki, sembuse umeme unaopita kwenye meno yale. Alikuwa ameyapaka meno ya kompyuta yake rangi ya kuziba, mistari miwili, akapuliza ikauka, akajipongeza kwa sauti.

Damu ilimpanda usoni mpaka masikio yakauma. Nyuma yake watu walikuwa wanangoja. Mbele yake palikuwa na jua tu. Akafungua mkoba, akalowesha pamba, akayafuta meno yale pande zote mbili akiwa amewageuzia mgongo, akarudi ndani.

"Jaribu tena," alisema kwa sauti ndogo.

Damiani akapachika. Akagusisha waya. Bodi ikalia mara moja tu, pi, fupi na ya adabu, na kioo kikajaa maandishi.

"Kapuliza tu!" alipiga kelele mtu. "Mama kapuliza tu, imewaka!" "Fundi kaogopa, kairudisha nzima!" "Nimemwona mimi, kaibadilisha chini ya meza!" Hakukuwa na chini ya meza, meza ilikuwa ya matofali. Mwanvua alifungua mdomo. Kitu kilichotoka kilikuwa: "Nawahi." Akabeba ubao wake wa chapati kwa mikono miwili, kichwa chini, na alipokuwa anapita mlangoni alimsikia bibi Joyce akisema bila hasira, kama mtu anayeomba chumvi: "Damiani, mwanangu, nipe tu redio yangu." Kisha sauti nyingine: "Na yangu." Na nyingine.

Mwalimu Theodora alifika saa tisa kamili. Mtihani ulikuwa umemaliziwa na kutoka wote kwenye printa, karatasi bado zina joto, kompyuta imelala juu ya ubao wa chapati mezani. Mwalimu aliitazama, akahesabu kurasa, akasema "Vizuri," na kwa mara ya kwanza siku ya kazi akatabasamu. Akaahidi kuleta na mtihani wa mwezi wa kumi. Amri akaja, akaona, akacheka kwa moyo mweupe. "Basi vitunguu vitalala kwa ndugu yangu Anuari," alisema, na chumba kikawa cha Mwanvua.

Alikaa ndani ya chumba chake na hakusikia utamu wowote. Alichosikia ni ile "nipe tu redio yangu". Akajaribu kujiambia kwamba Damiani atasahau, watu watasahau, kwamba hata hivyo mafundi wengine ni wezi kweli. Kisha akatoka hadi nje, akautazama ubao wa buluu wenye jina lake, akarudi, akawasha kompyuta.

Amri alimkuta anachapa. Akasoma juu ya bega lake, akasoma tena.

"Mama Kauthar, umepatwa na nini? Ukibandika tangazo hili, nani ataleta kazi kwa mtu anayepaka kompyuta rangi ya kucha? Antipasi ataliweka kwenye fremu. Kamwambie fundi mwenyewe pembeni, mpe pole, yaishe."

"Sikumwita mwizi pembeni."

"Na chumba?"

"Kikikosa kazi, weka vitunguu." Ilimwuma kulisema, na akalisema.

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda na karatasi ya kwanza kibandani, mkono mmoja umeishika, mwingine umeshika kopo la gundi. Damiani alikuwa amekaa peke yake. Rafu zake, zilizokuwa zimejaa redio za watu jana yake, zilibaki na vumbi lenye alama za mraba. Mbele yake palikuwa na kifurushi cha gazeti chenye jina la Mwanvua.

"Kapasita zako mbovu," alisema. "Nane. Na skrubu zako zote. Hesabu."

Hakuhesabu. Alimpa karatasi, akaeleza yote, mstari huu na mstari ule, udhu, pamba, mgongo aliowageuzia watu. Alieleza amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kukaa. Damiani alisikiliza bila kumtazama. Kisha akasoma.

TANGAZO

MWIZI

hakuna kwenye kibanda cha fundi Damiani. Mimi Mwanvua, mke wa Amri, nilimwita hivyo mbele za watu na nilikosea. Kilichozuia kompyuta ni rangi ya kucha niliyoipaka kwa mkono wangu. Fundi hakuchukua kitu. Mwenye redio mbovu ampelekee.

Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Mwanvua alingoja, akitumaini neno jema, akijua hastahili.

"Neno mwizi umeliandika kubwa kuliko jina langu," alisema Damiani.

Akamrudishia karatasi.

Mwanvua aliitazama. Ilikuwa kweli. Jina lake Damiani lilikuwa chini, dogo, katikati ya mengine, mtu apitaye na baiskeli asingeliona. Angeliona lile moja tu. Alitembea hadi nyumbani, akapita chini ya ubao wake bila kuutazama, akakaa, akawasha. Akaandika DAMIANI kwa herufi kubwa kabisa ambazo mashine ile iliweza kutoa, karatasi nzima upana wake, na neno lile lingine akalishusha chini mahali pa maneno madogo. Jina lake mwenyewe akaliacha wazi lisomeke. Akachapa karatasi hamsini.

Alipogeuka, Amri alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji mzito wa sembe, ule unaogandisha karatasi kuliko gundi yoyote, sufuria yenye MW nyekundu kwenye kitako.

"Sokoni nitakwenda mimi," alisema. "Wewe anza na stendi, mlangoni kwa Antipasi."